Godoro la Mpira Mtupu na Vifungo Ishirini na Vinne

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kaza. Si wazazi waliompa jina hilo. Alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Alikuwa fundi wa makochi, mfupi, mwenye mikono mipana kuliko umbo lake, na kila alipovalisha kochi kitambaa, yeye ameshika huku na mwenzake anavuta kule, lililomtoka lilikuwa neno moja tu: "Kaza! Kaza tena! Bado hiyo, kaza!" Kitambaa kikishapigwa stepla alikigonga kwa kidole. Kikilia kama ngoma, alitabasamu. Kisipolia, alikibandua chote akaanza upya, hata kama mteja amesimama mlangoni na gari la kubebea. Watu walimpenda kwa hilo. Kochi la Kaza halikufanya mikunjo wala halikubonyea. Ukilikalia unakaa wima, hata kama ulikuja kupumzika.

Sasa mtu wa namna hiyo, mkewe akihama kitanda, si jambo la kusemwa kwa sauti.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Tangu enzi za uchumba Kaza alimwita Mwalimu, naye alimwita Fundi, na mpaka watoto wao wawili walipokua wakaenda kujitegemea, majina yalibaki hayo hayo. Miezi mitatu nyuma, Mwalimu alibeba mto wake akaenda kulala sebuleni. "Nina madaftari ya kusahihisha," alisema. "Taa isikusumbue." Siku ya pili madaftari tena. Wiki ya pili madaftari yalikwisha, mto haukurudi. Asubuhi aliuficha nyuma ya kochi, kati ya mgongo wa kochi na ukuta, ili mgeni akija asiuone. Kaza aliuona. Kila alipotoka kwenda kazini alipitisha mkono pale nyuma, akaugusa, akautoa mkono upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Sababu ilikuwa nyonga, nyonga ya kulia. Mwalimu alilala kwa ubavu maisha yake yote, na kitanda chao kilikuwa na godoro ambalo Kaza alilitengeneza mwenyewe mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pili: mabaki ya sponji za makochi, tabaka juu ya tabaka, yameshikanishwa kwa gundi. Lilikuwa godoro la kujivunia wakati wake. Baada ya miaka ishirini na mbili lilikuwa na mabonde mawili, la kwake na la mkewe, na katikati kimesimama kilima ambacho wao wenyewe walikiita mpaka.

Mwalimu alikwenda zahanati. Muuguzi alimpapasa, akamkunja mguu, akamuuliza swali moja tu.

"Unalalia nini, Mwalimu?"

"Kazi ya mume wangu."

"Basi mwambie mume wako nyonga yako imestaafu kabla yako. Tafuta godoro jingine."

Siku hiyo hiyo, wakiwa mezani, Mwalimu alilisema bila kuzunguka. Mwalimu mwenzake alikuwa amenunua godoro la mpira mtupu, ule unaotokana na utomvu wa mti, mpira toka juu mpaka chini, bila sponji wala springi. Naye mke wa Kaza alikuwa ameshaweka akiba yake, na alitaka la namna hiyo.

Kaza aliweka kijiko chini. "Kununua? Dukani?"

"Dukani, Fundi. Ndiko wanakouza."

"Mimi nimekalisha mtaa mzima. Leo mke wangu akaonekane anabeba godoro la dukani? Watu watasemaje?"

"Watu hawalalii nyonga yangu."

Kaza alikishika kijiko tena. Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa la kochi, halikufaa kwa mke. Mwishowe akasema, "Sawa. Ila nitalikagua mwenyewe. Nikikuta kipande cha sponji ndani, hata cha ukubwa wa kidole, tunarudi nyumbani na nakutengenezea jingine."

"Na usipokikuta?"

"Nitakikuta."

Jumamosi wakaenda. Duka la kwanza lilikuwa na vioo vikubwa na muuzaji aliyenyoa vizuri, aliyeongea kama anasoma taarifa ya habari. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye godoro refu jeupe lenye ukanda wa kijani. "Hili hapa, mama yangu. Mpira asilia, asilimia mia. Ukilala hapa unasahau hata deni."

"Sina deni," alisema Mwalimu. "Nina nyonga."

Kaza hakucheka. Alikunja ngumi, akaikandamiza katikati ya godoro polepole, macho ameyafumba, kama daktari anayesikiliza kifua. Akasimama hapo hapo. Akaongeza uzito kidogo. Kisha akaenda kwenye kona akalinyanyua kwa mkono mmoja.

"Jepesi," alisema.

"Teknolojia ya kisasa, mzee wangu."

"Fungua zipu."

"Hiyo zipu ni pambo tu, haifunguki."

Kaza aliinama, akaweka pua kwenye mshono wa zipu, akavuta pumzi. Alipoinuka uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ndugu yangu," alisema kwa upole, "hii ni gundi. Harufu hii naijua kuliko ninavyomjua mama mkwe wangu. Na ngumi yangu imeshuka laini, halafu ikagonga sakafu, halafu ikashuka tena. Hapa pana ghorofa. Mpira uko juu unene wa mkate, chini yake ni sponji yangu ile ile ninayoinunua kila mwezi."

Muuzaji alitazama mlangoni. "Juu ni mpira kweli, mzee. Mwili si unagusa juu?"

"Kwa hiyo wali ukiuzwa na mchanga chini, mdomo si unagusa juu?" alisema Mwalimu, na tayari alikuwa ameshika njia.

Nje, Kaza alitembea kifua mbele. "Si nilikwambia?"

"Umeniambia duka moja, Fundi. Yako matatu."

Duka la pili lilikuwa dogo, chumba kirefu chenye feni moja, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kabla Kaza hajasema neno, mama yule alishika zipu ya godoro akaifungua pande tatu, akafunua kifuniko kama mtu anayemenya ndizi. "Angalieni. Msipoangalia mtarudi kuniuliza."

Ndani kulikuwa na kitu kimoja, kipande kimoja, rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai. Kila mahali vitundu vyembamba vimepangana kwa safu. Kaza alijaribu kuinua kona; mkono mmoja haukutosha, akaongeza wa pili. Alinusa. Hakuna gundi, ila harufu kama ya puto jipya. Alitia ngumi ikashuka taratibu, ikashuka, ikakutana na nguvu inayopanda bila kugonga sakafu popote. Alipoitoa, hapakuwa na alama. Alizunguka godoro mara mbili akitafuta mshono, na Mwalimu aliona mabega yake yakishuka inchi moja.

"Hakuna sponji," alisema kwa sauti ya mtu anayekiri.

"Hakuna," alikubali mama wa duka. "Sasa wewe umemaliza na ngumi. Kwani ngumi ndiyo inayolala? Nani ana tatizo?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Vua viatu, mama. Lala kama unavyolala nyumbani, usilale kama unapigwa picha. Robo saa. Nina ya aina tatu: laini, wastani na ngumu."

"Ngumu," alisema Kaza haraka. "Mgongo unataka kitu kilichosimama."

"Baba, mgongo wa nani?"

Mwalimu alianza na lile gumu, kwa kumheshimu mumewe. Baada ya dakika tatu akakunja uso akageuka. Lile laini lilimmeza. Alisema anahisi kama yumo kwenye beseni. Akahamia la wastani, akalala ubavu wa kulia, ule mbaya. Nyonga ikazama kidogo, kiuno kikashikiliwa. Alianza kumwambia mumewe jambo kuhusu mikutano ya wazazi. Sentensi haikuisha. Kaza alisubiri iishe, akasikia mkoromo.

Mama wa duka alizima redio. Mteja aliyeingia aliambiwa kwa ishara ya kidole asubiri nje. Kaza alisimama pale na viatu vya mkewe mkononi. Alikuwa hajausikia mkoromo ule kwa miezi mitatu.

"Tunachukua hili," alinong'ona.

Mwalimu alipoamka, ameona haya kidogo, alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. "Hili hili nililolalia, siyo pacha wake," alisema. Akafunua kifuniko kwenye kona na kuchora kwenye mpira alama ya vema, kubwa, kama anavyowawekea watoto wake waliopata zote.

Mama wa duka aliwapa maelezo mlangoni. Lisianikwe juani, jua linaula mpira. Chini yake hewa ipite, kwa hiyo mbao za chaga zenye nafasi, siyo ubao mzima. "Na kifuniko chake ni hiki hiki cha pamba, kinavutika. Kiacheni. Shuka juu, basi."

Kaza alikishika kifuniko kile kati ya vidole viwili. Kilikuwa laini, kinanyumbuka, kimelegea kwenye kona. Njiani akasema, "Godoro la maana vile, wamelivalisha fulana."

Jumapili seremala alikuja kuweka chaga. Huyu seremala ndiye aliyetumia karakana moja na Kaza kwa miaka kumi na minane, na watu walimwita Randa kwa sababu ulimi wake ulichonga kila aliyepita mbele yake. Alipanga mbao kwa nafasi ya vidole vitatu, akagongea, akaketi juu yake kuzijaribu. Godoro lilipowekwa, alilitazama, akamtazama rafiki yake.

"Kwa hiyo Kaza amenunua godoro. Nikifa leo nimeona yote."

"Bado halijakamilika," alisema Kaza.

Na hapa ndipo alipoteleza. Mtu mwingine angetandika shuka akalala. Lakini Kaza alikuwa na kipande cha kitambaa cha kochi alichokitunza miaka minne, kizito, rangi ya kahawia iliyoiva, kilichobaki kwenye kazi ya ofisi moja kubwa, akingoja kazi inayokistahili. Jumatatu Mwalimu akiwa shuleni, alifunga karakana. Alilivua godoro fulana yake, akakata, akashona, akalivalisha. Alivuta kona ya kwanza, akavuta ya pili, magoti juu ya kitanda, meno yameuma uzi. Kisha akachukua sindano ndefu ya kochi na uzi wa katani akaweka vifungo, ishirini na vinne, safu nne za sita sita. Na kwa heshima aliyokuwa nayo sasa kwa mpira ule, kila uzi aliupitisha kwenye kitundu kilichokuwepo tayari, bila kutoboa hata kimoja kipya. Kila kifungo alikivuta mpaka kikazama, akafunga fundo chini. Alipomaliza aligonga kwa kidole. Likalia.

Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni na chaki bado kwenye mikono. Lilikuwa jambo la kupendeza, huwezi kukataa. Lilifanana na kiti cha jaji. Aliona jasho kwenye shingo ya mumewe na vidole vyenye michubuko, akameza alilotaka kuuliza.

"Umejitahidi, Fundi."

"Kwa ajili yako."

Siku ya kwanza alilala kitandani. Asubuhi alitembea kwa kushika ukuta. Siku ya pili alilala kitandani. Asubuhi alisema hajambo kabla hajaulizwa. Siku ya tatu Kaza aliamka alfajiri, akanyoosha mkono upande wa pili, akakuta shuka baridi. Sebuleni, kwenye kochi lao kuukuu, Mwalimu alikuwa amejikunja na mto wake, analala kama mtoto. Lile kochi Kaza alikuwa ameahidi kulikaza tangu miaka kumi na miwili iliyopita, kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka Mwalimu alimjibu, "Acha kwanza."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana. Mwalimu alipokuwa akifunga kamba za viatu alisema tu, "Dukani nililala. Hapa silali. Sijui, Fundi. Labda ni mimi. Labda nizoee kochi tu."

Neno lile la kuzoea kochi Kaza alikwenda nalo mpaka karakana. Alipiga misumari mitatu, yote ikapinda.

"Sema," alisema Randa bila kuinua kichwa.

"Wametubadilishia godoro."

"Nani?"

"Yule mama wa duka. Dukani mke wangu alikoroma, nilisikia kwa masikio haya. Hili la nyumbani ni gumu kama benchi la kituo. Siyo lenyewe. Wametuletea lile gumu."

"Si uliligusa ukiwa unalishona?"

"Nilikuwa na haraka na kitambaa, hata alama aliyoichora mke wangu dukani sikuiangalia. Nitajuaje?"

"Kumbe kuna alama? Kaangalie alama. Isipokuwepo, tunakwenda dukani wote, mimi nitaongea, wewe utakaza uso."

Wakaenda wote wawili nyumbani kwa Kaza, saa nne asubuhi, nyumba tupu. Kaza alichukua wembe wa kufumulia. Ili kufika kwenye kona ilibidi afumue mshono wa pembeni, na ili kitambaa kifunuke ilibidi akate vifungo vya safu ya mwisho. Alikata uzi wa kwanza. Kifungo kiliruka kikapiga kioo cha kabati.

"Nasalimu amri!" alisema Randa akijikinga.

Alikata wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita, jambo likatokea ambalo wote wawili waliliona. Godoro lilipanda. Upande ule uliofunguliwa ulivimba taratibu, ukajaa, kama tumbo la mtu aliyelegeza mkanda baada ya kula. Upande wa pili, wenye vifungo, ulibaki chini, umebanwa, na kati yao pamekaa mteremko unaoonekana kwa macho.

Kaza alifunua kona. Alama ya vema ilikuwepo, nyekundu, kubwa, mkia wake umenyooka.

Alikaa kitako kwenye sakafu, wembe mkononi. Randa, ambaye ulimi wake haujawahi kumwacha mtu, alikwenda akaweka kiganja upande uliofunguliwa, kikazama. Akakiweka upande wa vifungo. Akagonga. Du, du.

"Mimi natengeneza meza," alisema polepole. "Sikujua kama na wewe umeingia kwenye biashara hiyo."

Kaza alikuwa bado anaitazama ile alama.

"Sikiliza bwana. Nyumba hii ina kochi moja ambalo hujalikaza tena tangu ulitengeneze. Na mkeo analala wapi?"

"Nimekuelewa, Randa."

"Sijamaliza."

"Nimeelewa, nakwambia. Nipe mkasi."

Randa alimpa mkasi, akaaga, akasema ana mlango wa mteja unamsubiri, jambo ambalo halikuwa kweli. Kaza alibaki peke yake na vifungo kumi na vinane. Kimoja baada ya kingine alivikata, na kila kilichokatika godoro lilipumua. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuifanyia nyumba yake. Alijua hivyo wakati anaifumua. Alikunja kile kitambaa cha kahawia, akavitia vifungo kwenye kopo la majani ya chai, akachimbua kabatini ile fulana ya pamba. Kuivalisha kulimsumbua kuliko kushona: mkono wake ulivuta wenyewe, naye akawa anaurudisha. Aliacha kona zikalegea. Zilimuuma macho, lakini akaziacha.

Mwalimu alirudi saa tisa. Kaza alikuwa ameketi kwenye kochi kuukuu, kopo mapajani.

"Leo umefunga mapema?"

"Alama yako ipo," alisema Kaza. Alikuwa amepanga maneno mengi, lakini yakatoka hayo. "Godoro ni lile lile. Hawakubadilisha kitu. Niliyeharibu ni mimi. Nililikaza."

Mwalimu aliweka mkoba chini. Alichukua kopo, akalitikisa, vifungo vikalia. "Vyote?"

"Ishirini na vinne. Kwa nini hukuniambia siku ile ile? Mwalimu mzima, kosa unaliona, unaliacha?"

"Ungeona ulivyokuwa umesimama," alisema Mwalimu. "Nina watoto wa miaka sita wananiletea picha ya ng'ombe mwenye miguu mitano, wanasimama hivyo hivyo. Nani atashika kalamu nyekundu?"

"Mimi sina miaka sita."

"Siku ile ulikuwa nayo."

Kaza alitaka kukasirika, akacheka badala yake, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kajaribu basi. Kama hulali, kesho nakwenda mwenyewe kwa yule mama nimwangukie."

"Nina madaftari."

"Kayasahihishie huko."

Mwalimu alikwenda na madaftari na kalamu yake. Kaza alisikia viatu vikivuliwa, kimoja, kisha cha pili. Alisikia kurasa. Alisikia daftari likianguka sakafuni na halikuokotwa. Hakwenda kuchungulia. Alikaa pale pale, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaliegemea lile kochi kuukuu kwa mgongo wote, likambeba, naye akastaajabu kwamba ni yeye aliyelitengeneza, halafu akakumbuka kwamba lilivyo sasa si kazi yake, ni kazi ya miaka kumi na miwili ya kukaliwa.

Wiki ile ikapita. Jumatatu asubuhi, chai imenywewa, Mwalimu yuko mbioni kutafuta chaki zake, Kaza alivaa koti la kazi akaelekea mlangoni. Kwa mazoea alipitisha mkono nyuma ya kochi, kati ya mgongo na ukuta. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia. Palikuwa na kifuniko cha kalamu na vumbi.

"Unatafuta nini huko?" aliuliza Mwalimu kutoka chumbani.

"Chaki zako," alisema Kaza. "Hazipo huku."

Karakana alikuta mteja anamsubiri, ameleta kiti cha kuegemea cha mama yake mzee. "Fundi, nataka ukikaze hiki mpaka kilie."

Randa aliacha kupiga randa ili asikie vizuri.

Kaza alikizunguka kiti, akatia ngumi, akaitoa. "Mama analala ubavu gani akisinzia?" aliuliza.

"Ubavu gani? Sijui, Fundi. Ni kiti tu."

"Kamuulize," alisema Kaza, akatundika koti lake kwenye msumari. "Mimi nipo."